Spirit ya Redio Kaseti

Nesi aliponipaka spirit mkononi, nilicheka mpaka akaondoa sindano. Ni harufu ya Jumapili zetu za utotoni. Maduka yalikuwa yameanza kujaa vitu vya nje, na baba alikuwa amenunua redio kaseti. Kila Jumapili aliisafisha ndani kwa pamba na spirit kabla ya kuwapigia wageni kanda ya kwaya, aliyoirekodi mwenyewe kanisani Kijenge, mama akiongoza kwa kuimba. Kutafuna karanga kulikatazwa, eti kunaharibu besi.

Siku moja wimbo ulipoanza, mama aliudaka kutoka jikoni huku akikoroga loshoro, makande yetu ya maziwa ya mgando. Sauti yake ikajaza nyumba nzima. Wageni wote wakaipa redio mgongo.

Baba akaruka kitini, kidole mdomoni.

"Mama, nyamaza basi! Hatukusikii unavyoimba!"