Vidonge vya Mama Mdogo

Jumatano, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Ndipo nilipoanguka darasani, mara ya pili mwezi huu. Saa naijua kwa sababu Lusi, ninayekaa naye dawati moja, aliitazama. Nilijikojolea. Hilo naliandika hapa tu.

Nilipofika nyumbani kwetu Mpemba, nilikuta vidonge ambavyo mama alikwishaviagiza Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa mama mdogo, ambaye naye ana kifafa.

"Ugonjwa mmoja, ukoo mmoja. Dawa itakataa nini?" mama akasema.

"Hospitali je?"

"Wakuandike kifafa, halafu nani atakuoa?"

Nilishika kimoja. Jumatatu kuna mtihani. Nilitaka nimeze tu, yaishe. Bibi, mama yake mama, aliyekuja kutoka Iyula kututembelea, akanidaka mkono.

"Weka chini kwanza, mwanangu. Kuna siku haijanitoka mpaka leo. Nilikuwa rika lako, msimu wa kuchuma kahawa. Dada yangu Sekela alikuwa akianguka, na binamu yetu ametulia kwa vidonge vya zahanati. Nikaomba vyake, nikawa nampa Sekela kimyakimya. Nilijiona daktari, mimi niliyeishia la nne! Wiki ya pili macho yakawa mekundu, malengelenge mdomoni, ngozi ikabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Alipona, ila jicho moja halikuona tena."

"Mama, hayo ni ya zamani," mama akasema.

"Na jicho la Sekela ni la zamani?"

Mama akavirudisha vidonge kwenye mfuko. Bibi akanigeukia mimi.

"Juzijuzi daktari alinifafanulia: ni vinasaba. Vinaweza kukurithisha kifafa, na vinaweza pia kuufanya mwili wako ukatae dawa inayomtuliza nduguyo. Vidole ni vya mkono mmoja, lakini havilingani. Basi usimeze dawa ya mtu hata kama mmenyonya ziwa moja. Na ukiulizwa habari za ukoo, sema yote, hata la Sekela. Mficha maradhi kilio humfichua. Mungu akutulize kichwa, mwanangu, uzeeke kuliko mimi."

Baiolojia tumesoma urithi. Nilidhani ni mambo ya rangi ya macho.

Alhamisi asubuhi nilikwenda na mama kituo cha afya. Daktari akauliza, "Kwenye ukoo yupo mwenye kifafa?" Mama akatazama sakafu. Mimi, ambaye hata jina langu likiitwa darasani naitikia chinichini, nikasema, "Wapo. Na mmoja dawa ilimbabua ngozi."

Daktari akaacha kuandika. "Nani huyo?"

"Mama yangu mkubwa, Sekela," mama akajibu, akasogeza kiti karibu na meza.