Simu Niliyoichovya Kwenye Ulanzi wa Wakwe

Ndugu zangu, hili nalisema kwa mdomo wangu mwenyewe kwa sababu mjomba wangu Asegelile ameshalisambaza Uyole nzima, tena kaongeza na chumvi, kwa hiyo bora mlisikie kwa mwenye aibu.

Mimi, Amba, ni fundi simu, kibanda changu kipo karibu na soko, nabadili vioo, betri, sehemu za chaji, na kujibu maswali (maswali ndiyo kazi yenyewe, kioo ni nusu saa, maswali ni kutwa). Siku hiyo tulikuwa Kilolo, Iringa, nyumbani kwa kina Neema, mimi na mjomba ambaye ndiye mshenga wangu, tumekwenda kusikiliza majibu ya posa. Baba yake Neema alishafariki, kwa hiyo msemaji ni baba yake mdogo, mzee mpole, mkononi ana kitochi, kile kisimu cha vitufe, kimefungwa mpira wa manati ili betri isidondoke. Mjomba alinionya tangu nje, "Amba, leo mdomo ni wangu. Wewe kazi yako kuitikia na kula."

Nikaitikia salamu za Kihehe vizuri kabisa, kamwene huku, kamwene kule, mpaka shangazi yake Neema akasema kijana ana adabu. Zawadi yangu ilikuwa spika ndogo ya Bluetooth, nikaiweka mezani, na kama ningeishia hapo leo msingekuwa na cha kunicheka. Baba mdogo akaigeuzageuza, akauliza, "Hii inaongea na simu bila waya? Sasa si itamaliza bando?"

Mjomba akanikanyaga mguu. Mimi nikafungua mdomo.

"Hapana, baba. Bluetooth haili bando hata kidogo." Nikaunganisha simu yangu, nikaweka kwaya, shangazi akaanza kutikisa mabega, basi na maswali yakamiminika. Simu ikilala kwenye chaji inaharibika? Nikasema za siku hizi zina akili, zikijaa zinajizuia zenyewe. Mbona mtandao unaonyesha umejaa lakini intaneti haifunguki? Nikaeleza habari za mnara mmoja na watu wengi, mikono juu kama mwalimu, na mjomba ananikanyaga mara ya pili, ya tatu, mwisho nikauhamisha mguu.

"Na hiyo yako," baba mdogo akauliza, "ikitumbukia majini?"

"Haiingii maji, baba."

"Maji sawa. Na ulanzi?"

Jagi la ulanzi, ile pombe ya mianzi, lilikuwa pale katikati, na kwa familia ile jagi hilo ndilo lililokuwa jibu letu, baba mdogo akinywa kisha akampa mjomba, basi nimepewa mke. Watu wote wananitazama. Neema yuko mlango wa jikoni ananitikisia kichwa kwamba usithubutu. Na mimi, fundi mzima, nikaichovya simu humo humo jagini. (Simu ile kweli ilitoka kiwandani haiingii maji. Lakini niliifungua mwenyewe kubadili kioo, nikaibandua ile gundi ya pembeni inayozuia maji, nikarudishia gundi ya kawaida. Nilijua! Wateja nawaambia kila siku.)

Nikaitoa inawaka, wakapiga makofi. Makofi hayajaisha, kioo kikaanza kujibonyeza chenyewe, kinafungua picha, kinafunga, kinaingia kwenye meseji, nabonyeza kitufe cha kuzima hakisikii, vidole vinateleza kwa ulanzi, mara kwenye ile spika niliyoileta mwenyewe ikatoka sauti ya mtu ninayemfahamu sana. Mimi. Ni voisi niliyomtumia rafiki yangu asubuhi ile, mara tulipopokelewa.

"Kaka, ondoa shaka, wazee wa huku ukiwatajia Bluetooth tu wanalainika. Msemaji wao mwenyewe ana kitochi kimefungwa mpira wa manati! Mpaka mchana nishapewa mke."

Halafu simu ikazima. Yaani ndiyo inazima sasa!

Jamani, niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Mjomba alivua kofia akawa anaikagua kwa ndani. Baba mdogo akakitazama kitochi chake, akauweka sawa ule mpira taratibu, akasema, "Kweli. Haijala bando hata kidogo."

Hakuna aliyecheka isipokuwa shangazi, naye alichekea kwenye khanga. Akaniletea bakuli la mchele nifukie simu, nikataka kumwambia kwamba mchele hausaidii kitu, nikaifukia tu, elimu nilishaitoa ya kutosha. Jagi likaondolewa, na jibu langu likaondoka nalo.

"Mpigie mama yako," baba mdogo akanipa kitochi, "umwambie majibu leo hakuna, asikae roho juu."

Nikakishika. Nikakitazama. Namba ya mama yangu siijui! Miaka yote nabonyeza jina tu. Nikakaa nacho mkononi, jasho linanitoka na baridi yote ile ya Kilolo, na nilihisi kabisa kwamba Neema nimeshamkosa.

Basi kule mlangoni Neema akaitaja namba, tarakimu zote kumi, bila kupumua.

"Wewe umeijuaje?" baba mdogo akamuuliza.

"Nampigia kila Jumapili, baba, kumjulia hali ya miguu yake."

Mzee akamwambia shangazi alete jagi jingine, akanywa, akampa mjomba, akanigeukia. "Binti yetu ameshapata mama, hatuwezi kumnyang'anya. Na wewe utakuja nyuma yake, tufanyeje sasa."

Nilifurahi mpaka machozi, sioni haya kulisema hilo. Leo namba ya mama naijua kwa kichwa, ya Neema naijua, na ya baba mdogo ndiyo siwezi kuisahau, maana hunipigia kila wiki kwa kitochi kile kile kuniuliza kama nimeshajua ulanzi unaingia au hauingii. Mteja akiniuliza habari za simu na maji, namwambia sijui. Na mjomba akinikanyaga mguu popote pale, hata kama kanikanyaga kwa bahati mbaya, mimi nafunga mdomo.