Nilivyolinda Ndoo

Nikisikia harufu ya moshi wa kuni mbichi, hata nikiwa mjini Karatu katikati ya kelele za magari ya watalii, mwili hunisisimka. Narudi Mbulumbulu nikiwa na miaka minane, ndani ya jiko la bibi, mchana ambao ukungu ulishuka kutoka msituni ukakaa mlangoni kama mgeni asiyetaka kuaga.

Wiki ile mama alikuwa Mang'ola kwenye vibarua vya kuvuna vitunguu. Mdogo wangu Paskalina, wa mwaka mmoja na nusu, alianza kuharisha Jumatatu asubuhi. Yalikuwa maji matupu. Kufika Jumanne tulikuwa tumeishiwa nguo za kumvalisha, na zilizofuliwa hazikauki kwa ule ukungu.

Bibi yangu hakukosa kanisani hata Jumapili moja, ila kuhusu chemchemi tuliyochota maji alikuwa na imani yake nyingine. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba netlangw, wale pepo wenyewe wa chemchemi, wamempenda mtoto.

"Wanapita kwenye maji hao," alisema. "Tukimnywesha tunawafungulia mlango. Tumbo likikauka watachoka, wataondoka. Wewe kaa na ndoo. Asiguse hata tone."

Nikakaa na ndoo. Tena kwa majivuno, msinicheke, maana sikuwahi kupewa kazi ya watu wazima. Niliweka jiwe juu ya mfuniko, nikavuta kigoda karibu, nikangoja hao wenyewe wajitokeze nipambane nao.

Paskalina alikuwa amelala kwenye mkeka, macho yameingia ndani, midomo imepasuka. Alilia bila machozi. Mdomo ulikuwa wazi, sauti inatoka, lakini uso mkavu kabisa. Bibi alipomfinya ngozi ya tumbo, ilibaki imesimama. Kisha mtoto akanyamaza. Akageuza macho taratibu, akayakazia pale nilipokaa, si usoni pangu, bali chini kidogo. Akanyoosha mkono. Vidole vikafunga, vikafunguka, vikafunga tena, kana kwamba anamwita mtu.

"Bibi, anawaita," nilisema, na nywele zikanisimama. Niliogopa hata kugeuka nyuma.

Midomo ya bibi nayo ilikuwa imekauka, kwa sababu tangu jana yake hakunywa hata chai, asije akamtamanisha mtoto. Alinionyesha jiwe kwa kidole. Nikaligandamiza kwa mikono miwili.

Tulisikia hodi kutoka kwenye ukungu kabla hatujaona mtu. Alikuwa Mama Neema, mhudumu wa afya wa kijijini, amekuja kuuliza kwa nini mtoto hakupelekwa kupimwa uzito. Alimtazama Paskalina mara moja tu, akapiga magoti.

"Bibi, mtoto amekaukiwa huyu. Anywe sasa hivi."

"Nikimpa yanatoka."

"Yaache yatoke, sisi tunarudishia. Asiponywa, hafiki kesho."

Akaniambia niondoe jiwe. Sikuondoa. Nilimtazama bibi, naye akafumba macho kwa muda mrefu, halafu akaniambia, "Ondoa, mjukuu wangu."

Maji yakachemshwa, yakapoozwa, pakiti ya dawa ya chumvichumvi ikakorogwa humo. Kijiko kimoja, unasubiri, kingine. Alipotapika, Mama Neema alitulia kidogo, akaendelea bila haraka. Jioni Paskalina alikojoa, na bibi akalia kwa sauti. Kesho yake alipelekwa zahanati, akapewa na vidonge vya zinki.

Leo Paskalina ni mama wa watoto wawili, na hakumbuki lolote. Mimi kwa miaka mingi niliwasimulia watu kwamba niliwahi kukaa chumba kimoja na netlangw, nikaona mdogo wangu akiwaita. Nilisimulia hivyo mpaka nilipozaa, mwanangu akaugua tumbo, akanikazia macho yale yale, akanyoosha mkono kwenye kikombe nilichoshika.

Niliketi chini sakafuni. Siku ile jikoni kwa bibi hakukuwa na mtu nyuma yangu. Paskalina alikuwa anaomba maji, na aliyekuwa anamwomba ni mimi.