Siku Niliyomrudishia Mzee Ng'ombe

Baba mdogo alisema nitarudi kutoka ng'ambo na begi moja na aibu mbili. Mama mmoja aliyeuza samosa mbele ya kichinjio cha Kitengela alisema anayesomea wagonjwa wa akili huishia kuwa mmoja wao. Mwalimu wangu wa sekondari, ambaye alikuwa ameziona alama zangu, alinishauri kwa upole nitafute kazi ya mikono. Nawataja kwa sababu wote wako hai, na wote wamewahi kupanda ngazi za ofisi yangu.

Ofisi yangu ya ushauri nasaha iko juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Nilipachagua makusudi: mtu akionekana anapanda, atasema alienda kuuliza bei ya mabati. Ndani nimetundika diploma yangu mahali ambapo jua la asubuhi huifikia. Ni diploma, si digrii, na sioni haya. Niliipata ng'ambo, nikisoma jioni baada ya kutwa nzima ya kuosha na kulisha wagonjwa katika nyumba ya kuwatunza. Leo nafundisha saikolojia katika chuo kimoja hapa mjini, na walimu wenye digrii huja kuniuliza wafanye nini na mwanafunzi aliyeacha kula.

Jambo moja sikulipata darasani, nililitengeneza mwenyewe. Nilipoanza kuwaona wanaume wafugaji kutoka upande wa Isinya, nilikuwa nikiwaweka kwenye kiti, mimi hapa, wao pale, macho kwa macho, kama nilivyofunzwa. Walinyamaza. Kwao, kukalishwa mbele ya mtu mwenye kalamu ni kama kuitwa kwa chifu. Basi nikaacha kiti. Nikawa nawaendea nyumbani, tunatembea sambamba nyuma ya ng'ombe, kila mtu akiangalia mifugo. Mtu husema mengi akiwa anaangalia ng'ombe. Sasa wanafunzi wangu wote wanajifunza kutembea, na wengine wamelalamika kuhusu viatu.

Mimi mwenyewe sijatembea na mtu yeyote ili nimwambie yangu. Mama yangu alifariki nikiwa huko ng'ambo, simu ikaja nikiwa namlisha uji mzee mmoja asiyenijua. Nilimaliza kumlisha, nikamfuta mdomo, nikamaliza zamu. Tangu siku hiyo niko kama mkono uliolaliwa: naona vidole, naviamuru, vinatii, lakini sivisikii. Hali hiyo ina jina lake, nalifundisha kila muhula, na hulieleza vizuri.

Kilichonisukuma miaka yote hiyo kilikuwa kitu kimoja. Nilitaka nifike siku ambayo hakuna mtu Kajiado nzima angeweza kusema, "Huyo ni sisi tulimtengeneza." Maana nauli yangu ilichangwa. Baba alikuwa mchinjaji, mtu wa Ukambani aliyefuata kazi huku, na hakuwa na kitu. Wenzake wa kichinjio walitoa, kina mama wa kanisa walitoa, hata baba mdogo alitoa huku akinung'unika. Aliyetoa kikubwa kuliko wote ni mzee wa Kimaasai aliyekuwa akimletea baba ng'ombe wa kuchinja. Yeye alitoa ng'ombe jike mzima, tukamuuza.

Kuanzia siku hiyo mzee aliacha kuniita kwa jina langu. Akaniita Pakiteng', na mimi nikamwita hivyo hivyo, kwa sababu kwa Wamaasai, watu waliopeana ng'ombe huitana hivyo maisha yao yote. Huko ng'ambo, na hata niliporudi, alinipigia kila Jumapili, simu akishikiwa na mkewe, na salamu yake ya Kimaasai ilikuwa na jina hilo: "Supa, Pakiteng'." Nilijua maana yake. Hata hivyo, kila alipolitamka, mimi nilimwona yule ng'ombe amesimama katikati yetu, hajalipwa.

Niliporudi na ofisi ikasimama, nikaanza kulipa. Wa kichinjio niliwalipa, na waliokufa nikawapa watoto wao. Kina mama wa kanisa waliniombea, nikasimama wima hadi wakamaliza. Baba mdogo alihesabu mara mbili, akasema, "Kumbe ulikuwa serious." Nikamwambia ahesabu mara ya tatu.

Nikambakisha mzee. Nilienda soko la Kiserian siku ya mifugo nikachagua mwenyewe, ng'ombe jike mwenye mimba, mkubwa kuliko yule wa kwanza. Sikutaka mtu aseme nimerudisha kidogo. Nikakodi pikapu hadi kwa mzee.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya boma. Akanisalimu kwa jina letu. Tukamteremsha ng'ombe.

"Pakiteng', huyu ni wa nini?"

"Ni deni, mzee. Leo nimemaliza kulipa watu wote. Wewe ndio wa mwisho."

Alimzunguka ng'ombe polepole, akamshika kiwele, akamtazama meno. Nilisimama kando yake, naye akaendelea kumtazama ng'ombe. Nikajua anayatafuta maneno, kwa sababu hivyo ndivyo wanaume wa huku wanavyosema mambo yao.

"Deni ni ya watu wa duka," akasema. "Mimi sikuwa na duka."

Nikamweleza kwamba nilitaka kuwa huru, nisidaiwe na mtu. Akasikiliza hadi mwisho. Kumkataa ng'ombe aliyeletwa hadi bomani ni matusi, na mzee hana matusi. Alimwita kijana amchukue.

Kisha akanipa mkono. "Asante sana, mwalimu," akasema.

Nilingoja kidogo, nikidhani ataongeza lile jina. Mkewe aliyekuwa mlangoni alimtazama, akaniangalia mimi, akarudi ndani. Chai haikutajwa.

Nikapanda pikapu. Dereva akaniuliza kama mzee amefurahi, nikamwambia ng'ombe ameonekana mzuri. Nilikuwa nimelipa kila mtu, na nililitaka hilo kuliko kitu chochote. Tulipofika lami nilijibonyeza kiganja kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama ninavyowafundisha wanafunzi wafanye na mgonjwa aliyeganda hisia. Nikaendelea kubonyeza hadi Kitengela.

Jumapili simu haikulia.