Nyasi za Viranja

Shule yangu ya sekondari huko Kenya ilianzishwa na Waingereza, wakaiga kila kitu kutoka shule moja kongwe ya kwao: wimbo wa Kilatini, majina ya mabweni, hata sheria kwamba nyasi za mbele ya ukumbi zinakanyagwa na viranja peke yao. Sisi wengine tulizunguka, hata kwenye mvua. Nimehama miji mingi tangu hapo, na bado siwezi kukatiza kwenye nyasi.

Mwaka jana mzee Mwingereza aliletwa kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, katika mji wa Coon Rapids huku ughaibuni. Niliposikia alisoma shule ileile tuliyoiga, nilifurahi kupita kiasi. Wakenya wa kanisani kwetu walisoma kwingine, na sikuwa na wa kuzungumza naye mambo hayo.

Asubuhi moja, nikimfunga vifungo vya shati, nilimuuliza kuhusu nyasi.

"Kumbe hata hizo waliwapelekea?" akacheka. "Poleni."

Nikaanza ule wimbo. Akanishika mkono.

"Acha, kijana. Nilipelekwa pale mdogo, nikalia mwaka mzima. Sijarudi hata kupita nje. Wewe ulipapenda?"

"Sana, mzee."

"Basi waimbie wenzako."

Sikumwambia kwamba wenzangu niliwapoteza mmoja mmoja, kila nilipohama na kubadilisha namba ya simu. Nikamalizia vifungo, nikamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu kwenda kunywa chai.