Zedekiah na Jicho la Samaki

Zedekiah wa Kaloleni alikuwa na kazi ambayo majirani hawakuiamini. Katika maabara ya chuo, alichinja samaki gizani, akalitoa jicho, akautandaza utando wake wa ndani na kuumulika kwa nukta ndogo ya mwanga. Nukta ilipotua tu, utando ulitoa umeme kidogo na sindano ya mashine ikaruka.

Nyumbani, kichwa cha samaki ni cha baba, na utamu wote uko kwenye jicho. Jioni moja mkewe, Apondi, alimwona akikigeuza kichwa sahanini ili jicho lisitazame taa.

"Baba Roseline, huyo amekufa, tena amechemka. Ataona nini?"

"Hata wale wa kazini huwa wamekufa," alijibu Zedekiah, akapunguza utambi.