Cherehani kwa Moteri

Gari lenyewe lilikuwa la viti viwili, jekundu, fupi kama kiatu, halina paa. Mzungu mmoja mnunuzi wa kahawa aliliacha uani kwangu alipoondoka Bujumbura mwanzoni mwa vita, pamoja na barua ya mistari mitatu iliyosema kwamba sasa ni langu. Hakuandika kwamba moteri yake, yaani injini, ilikuwa imepasuka ubavuni. Hilo niligundua mwenyewe nilipomimina maji kwenye rejeta yakatokea chini na kuniloweka viatu.

Kwa miaka mitatu nililiosha kila Jumamosi. Majirani zetu wa Buyenzi walizoea kuniona nimeketi ndani yake, nimeshika usukani, siendi popote. Mke wangu alipita na beseni la nguo akiniuliza, "Umefika wapi leo, baba watoto?"

"Niko Kigoma," nilimjibu. "Barabara ni nzuri."

Yeye alikuwa mshonaji. Cherehani yake nyeusi ya kukanyaga kwa miguu ilikaa chini ya dirisha la sebuleni, nayo ndiyo iliyotulisha kila mshahara wangu wa ukarani ulipochelewa. Naliandika jambo hili mapema, ili msomaji asije akanionea huruma huko mbele.

Ukaja wakati wa vikwazo. Nchi jirani zilikuwa zimetufungia njia, na vitu vilifika kwa ziwa, vichache, kwa kuzungukazunguka. Asubuhi moja kaka wa mke wangu, fundi wa magari, alinifuata kazini.

"Shemeji, moteri zimeingia bandarini. Ziko tatu. Ukichelewa, watu wa teksi watazikamata."

Niliomba ruhusa ya kwenda hospitali. Nilikuwa mzima kama ng'ombe.

Moteri zilikuwa ndani ya ghala la mfanyabiashara mmoja, zimekalishwa juu ya matairi kuukuu kama wageni waliowahi mapema. Ya kwanza ilikuwa ya dizeli, kubwa mno. Fundi alisema nikiiweka, pua ya gari italima barabara. Ya pili ilikuwa ndogo, ya kijivu, imetoka kwenye basi dogo la Kijapani. Ya tatu ilikuwa na kifuniko cheusi chenye maandishi mekundu, na valvu kumi na sita. Valvu hazionekani kwa nje, lakini mimi niliziona zote. Nikaanza kucheka peke yangu.

"Hii," nikasema.

"Apana, shemeji. Hii ilizaliwa mu gari ya usukani wa kuume. Angalia, moshi inatokea huku kushoto. We usukani yako inapita wapi?"

"Kushoto."

"Basi vitakutana njiani, na havitasalimiana."

"Tutaona."

"Tena inataka esansi safi, petroli halisi. Siku hizi esansi tunanunua ya chupa, nusu mafuta ya taa. Kamata hii ndogo. Haina makuu, itakula chochote."

"Ina valvu ngapi?"

"Nane."

"Nane," nikarudia, kama mtu aliyeletewa nusu sahani.

Alinitazama. "We unachagua moteri ama unachagua bibi?"

Mwenye ghala hakutaka faranga, alisema zinayeyuka mfukoni. Alitaka cherehani. Vitambaa vilikuwa vinamfikia, ila cherehani hazipatikani, na mkewe alikuwa anamsumbua. Wakati huo mke wangu alikuwa Rumonge kumuuguza mama yake, na njia ya huko ilikuwa imefungwa na vita kwa wiki ya tatu.

"Dada anajua?" fundi akaniuliza.

"Anajua," nikasema.

Neno hilo moja lilinitoka kwa urahisi ambao hadi leo unanitisha. Mchana uleule niliifunika cherehani kwa shuka, nikaitoa nyumbani kwa mkokoteni kama mgonjwa anayepelekwa kulazwa.

Njia ilipofunguliwa, mke wangu alirudi. Aliona alama nne za miguu ya cherehani kwenye sakafu kabla hajavua viatu.

"Cherehani iko wapi?"

"Iko kwa fundi."

Kwetu fundi ni yeyote: wa saa, wa magari, wa nguo. Hata yeye mwenyewe wateja walimwita fundi. Alifikiri nimeipeleka kutengenezwa, akanishukuru, maana kanyagio lilikuwa limeanza kulia. Nami nikajiambia kwamba cherehani imekuwa moteri, na moteri iko kwa fundi, kwa hiyo sikudanganya. Hesabu hiyo niliifanya mimi, mtu niliyemaliza sekondari. Kisha nikamwomba asikanyage gereji ya kaka yake kwanza, kwa kuwa namwandalia jambo la kumfurahisha.

Kule gereji, moteri iliingia chini ya kapo, yaani boneti, kwa kusukumwa na kubembelezwa, na bomba la moshi likasimama palepale nguzo ya usukani ilipopita. Fundi hakuniambia alinionya. Aliwasha sigara, akaivuta yote, ndipo akasema, "Sasa moja lazima ihame. Moshi ama we."

Nikahama mimi. Alitoa usukani na pedali kwenye gari la Kijapani lililokufa, akavifunga upande wa kulia. Kushoto pakabaki kiti na tundu lililozibwa kwa kipande cha bati.

Jumamosi nilimwita mke wangu uani. Aliketi kushoto, akafunga kilemba vizuri, nami nikawasha. Sijui niieleze vipi sauti ile. Kuku walipanda ukuta. Tulishika barabara ya kusini kuelekea Kanyosha, upepo ukitupiga usoni, yeye ameshika kilemba kwa mikono miwili, anacheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu vita vianze. Watu walisimama kutazama mwanamke anayekwenda mbio bila usukani. Mmoja alishika kichwa.

Penye barière, kizuizi cha barabarani, askari akatusimamisha. Akaja upande wa kushoto, kama kawaida yao.

"Mama, permi ya kuendesha."

"Mi siendeshi," mke wangu akasema.

Askari akachungulia mapajani pake akitafuta usukani, kisha miguuni. "Volan iko wapi?"

"Muulize huyu mzee. Ameihamisha."

Askari alicheka hadi bunduki ikamteleza begani. Akataka kuiona moteri. Nikafungua kapo, nikamwonyesha maandishi mekundu, nikamtajia valvu moja baada ya nyingine.

"Na vikwazo hivi, uliitoa wapi?"

"Bandarini," nikasema, nimevimba kifua. "Nilibadilisha na cherehani."

Nilisikia moteri ikinguruma vizuri sana.

"Cherehani gani?" mke wangu akauliza.

Askari alinitazama, akamtazama yeye, akafunga kapo polepole kwa mkono wake mwenyewe. "Pita, mzee," akasema. "Mi sitaki kesi hii."

Nilimweleza yote palepale pembeni mwa barabara. Hakulia. Aliuliza tu mwenye ghala anakaa wapi, na nilipomwambia ni Kanyosha akasema, "Basi twende. Si unayo mbio."

Aliingia peke yake kwa mke wa yule bwana. Nilisubiri garini hadi jua likaniunguza upara. Alipotoka alikuwa na masharti: cherehani itabaki kule, ila yeye ataitumia kushona siku tatu kwa wiki, na kumpeleka na kumrudisha ni kazi yangu.

Hivyo ndivyo gari la mashindano lilivyobeba sare za shule, mafurushi yakiwa magotini mwa mke wangu. Kila nilipofika penye barière, askari yule aliniuliza, "Mzee, leo umebadilisha nini?" Nilikuwa na aibu, na nilikuwa na furaha, na sikuweza kuzitenganisha.

Kabla ya mvua kwisha, esansi ya chupa iliziba moteri yangu. Fundi aliifungua akaifunga tena, mara mbili, akashindwa.

Ile moteri ndogo ya kijivu alikuwa ameifunga kwenye teksi ya jirani yetu. Ndiyo iliyompeleka mke wangu Kanyosha na kumrudisha miaka yote iliyofuata, kwa mafuta ya aina yoyote, bila kikohozi. Asubuhi za siku zake tatu niliisikia ikija kutoka mwisho wa mtaa. Nilitoka mlangoni kumshikia furushi, alilipokea dirishani, na kabla teksi haijaondoka aliniambia, "Hesabu valvu, baba watoto. Nane tu."